Kabla hujaiamini asilimia ya shule

Mama mmoja Mkongomani anayeishi Minnesota, jimbo la Marekani, alinitumia ripoti za shule mbili, akitaka kujua ipi ni bora. Kwenye moja, robo tu ya watoto walifikia kiwango cha hesabu. Kwenye nyingine, zaidi ya nusu. "Kaka, si jibu ndilo hilo?" Kazi yangu ni kuchambua takwimu za shule, na jibu langu huwaudhi wazazi: bado.

Zote mbili ni shule za mkataba, aina iliyoanzia jimbo hilohilo kwa sheria ya 1991. Ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Zinalipiwa na kodi, hazitozi ada, ila kila moja ina bodi yake inayoiendesha kwa mkataba unaoweza kufutwa. Waombaji wakizidi nafasi, wanaoingia huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Asilimia ya waliofaulu, kwa sehemu kubwa, inakuonyesha ni nani waliingia mlangoni. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka juzi anajua kugawanya. Kinachomkwamisha ni swali lenye aya nzima ya Kiingereza.

Kwenye ripoti hizo, safu ya "wanaojifunza Kiingereza" ndiyo hupotosha zaidi. Mtoto akiimudu lugha anaondolewa kundini, na wageni wapya wanaingia. Ni sawa na kupima afya ya wodi baada ya waliopona kuruhusiwa kwenda nyumbani. Sheria ya shirikisho ya 2015 inaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliotoka kwa hadi miaka minne. Inasaidia, lakini tatizo linabaki.

Umaskini nao tulizoea kuupima kwa chakula cha mchana cha bure, haki ya familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini. Tangu 2014, shule za maeneo maskini kote Marekani zinaweza kulisha kila mtoto bila fomu ya kipato, na mwaka 2023 Minnesota ikaamua kulisha jimbo zima. Watoto wanashiba, nashukuru sana. Sisi wachambuzi tumebaki bila rula.

Mimi huangalia ukuaji: mtoto yuleyule, mwaka jana na mwaka huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanafunzi wa shule hizi na wenzao wa hali kama yao katika shule za kawaida. Mwaka 2009, asilimia 17 ya shule za mkataba zilizidi katika hesabu, na asilimia 37 zikawa nyuma. Ripoti yao ya 2023 ikakuta wastani umegeuka: faida iliyo sawa na kusoma siku 16 zaidi kwa mwaka katika somo la kusoma, na siku 6 katika hesabu.

Halafu nahesabu vichwa. Tuseme darasa la sita lina watoto 60 na la kumi na moja 35. Wale 25 walikwenda wapi, na walikuwa wanapata alama gani?

Yule mama nilimwambia aombe idadi ya wanafunzi wa kila darasa kwa miaka mitatu. Shule ya robo ilimjibu siku hiyohiyo. Ile nyingine anaisubiri hadi leo.