Maji ya chokaa kwenye tangi la matumbawe, na kwa nini mimi huanza kwa kupima maji yanayokauka

Kazi yangu hapa Maskati ni kutunza matangi ya matumbawe majumbani kwa watu, na kila nyumba mpya naulizwa, we fundi mbona unatia chokaa humo, si utaua samaki? Kuna nyumba moja bibi yao kazaliwa Unguja, siku ya kwanza kuiona ndoo yangu kacheka, "Mwanangu, hiyo si chokaa ya tambuu?" Nikamwambia ndo hiyo hiyo bibi, ila hii imesafishwa. Na kweli ni kichekesho, maana kwetu pwani mawe ya matumbawe ndo yalikuwa yanachomwa tanurini kupata chokaa ya kujengea, sasa mie nairudisha chokaa kwa matumbawe yajengee mifupa.

Chokaa ninayosema ni kalsiamu haidroksaidi safi, ile ya daraja la chakula. Ya hardware usiguse, huwezi jua imechanganywa na nini, nyingine ina magnesiamu kibao. Ikiyeyuka inatoa kalsiamu, halafu ile haidroksaidi inakamata hewa ya ukaa iliyomo majini inageuka bikaboneti, na hapo ndo unapata alkaliniti, yaani ule uwezo wa maji kuzuia pH isishuke. Kwa huku Ghuba hii ni faida mara mbili, kwa sababu kiangazi nyumba imefungwa madirisha yote, AC usiku na mchana, watu wanapumua humo humo, asubuhi unapima pH (kipimo cha uchachu wa maji) unakuta imeshuka hadi 7.8. Chokaa inaila hiyo hewa na pH inapanda yenyewe.

Sasa kabla ya kununua chochote, weka alama ya kalamu kwenye kioo cha sampu (lile tangi dogo la chini lenye pampu) uone maji yanakauka lita ngapi kwa siku, kwa sababu chokaa unaingiza kupitia maji ya kujazia tu, huwezi kuzidisha hapo la sivyo chumvi itashuka. Maji ya chokaa yaliyokolea vizuri yana kalsiamu kama miligramu 800 kwa lita na alkaliniti kama dKH 114 (dKH ndo kipimo cha alkaliniti). Tangi la lita 400 linalokausha lita 6 kwa siku linapata dKH 1.7 hivi na kalsiamu miligramu 12 kwa kila lita ya tangi. Kama matumbawe yako yanakula chini ya hapo, umemaliza, huhitaji mashine ya bei mbaya.

Kuchanganya: maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine hadi yakawa safi), gramu 2 kwa lita. Hazitayeyuka zote (chokaa kinyume na sukari, maji yakiwa ya moto ndo inayeyuka kidogo zaidi), zinazobaki zinakaa chini, ziache. Koroga mara moja, funika, lala. Asubuhi juu utaona utando kama wa maziwa yaliyochemshwa, huo usiuhangaikie, wewe chota maji maangavu ya katikati yaliyotulia. Vaa glavu na miwani, pH yake ni 12 na ushee, jichoni si mchezo. Unga ukikaa wazi unaharibika: tia kidogo kwenye siki, ukitoa mapovu mengi basi umeshageuka kalsiamu kaboneti, haufai tena, tupa.

Halafu idondoke polepole, mahali maji yanakwenda kasi. Matangi madogo natumia mpira wa dripu ya hospitali, ile gurudumu yake inakupa tone tone unavyotaka, na napenda iende zaidi usiku kwa sababu taa zikizimwa ndo pH inashuka.

Kosa langu kubwa lilikuwa boya, lile linalofungua na kufunga maji ya kujazia. Nilikuwa sijalisafisha miezi, likashika ukoko likakwama, usiku mmoja zikaingia lita 9 kwa mpigo. Simu alfajiri, "Kaka, maji yamekuwa maziwa!" Nafika pH 9, konokono wamelala chali. Nikamimina soda water isiyo na sukari wala ladha, kidogo kidogo huku napima, hadi adhuhuri tukafika 8.4, akropora mbili (matumbawe yenye matawi) zikafa. Tangu hapo boya na pampu naviloweka kwenye siki kila mwezi, na ndoo haibebi zaidi ya maji ya siku moja.

Jambo moja watu wanakosea sana: kalsiamu ikiwa imeshashuka hadi miligramu 330 kwa lita, maji ya chokaa hayatakupandisha, kwa sababu yanaleta kalsiamu na alkaliniti kwa pamoja, kwa kipimo kile kile matumbawe yanachokula. Rekebisha kwanza kwa kloraidi ya kalsiamu hadi 420 hivi, alkaliniti iwe dKH 8, magnesiamu miligramu 1300 kwa lita, ndo uanze chokaa. Tangi la bibi limekaa hivyo mwaka mzima, ila juzi akropora zimekuwa kubwa zinakula dKH 2 kwa siku na maji yanayokauka ni yale yale lita 6, kwa hiyo mchana nimeanza kuongezea ile dawa ya chupa mbili, moja ya kalsiamu na moja ya alkaliniti, chokaa imebaki ya usiku.