Vitabu vya Hadithi Vizungushwe Kama Pesa za Chama

Wazazi wengi wanaofika sehemu ya watoto katika maktaba zetu hapa Kisumu huuliza wapi watapata vitabu vya hadithi kwa bei nafuu. Twaweza kuwaelekeza kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu mjini, lakini kabla ya hapo tunawaomba waangalie nyumbani kwao, kisha wamuulize jirani naye aangalie kwake.

Kitabu cha picha kilichompendeza mtoto wa miaka 4 hakimvutii tena akifika 7, ilhali kurasa zake bado ni nzima. Kinabaki kwenye katoni kikingoja mchwa. Madukani nako, Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 iliingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, na mzazi anapopunguza orodha ya ununuzi wa muhula, hadithi ndizo hukatwa kwanza. Hilo linatuuma. Mtoto hupata wepesi wa kusoma kwa kusoma sana, na vitabu vya kiada peke yake havimpi kurasa za kutosha.

Ndiyo maana tunasema tumieni chama, kile kikundi chenu cha kuchangiana pesa, kubadilishana vitabu. Akina mama wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta wanaokutana kila mwezi tayari wanajuana na kuaminiana, na hakuna nauli ya ziada. Kila mmoja alete vitabu alivyo navyo, aondoke na idadi ile ile. Kitabu kwa kitabu, bila kuulizana bei. Mkianza kupima cha shilingi 600 na cha shilingi 150, mtagombana kabla watoto hawajasoma chochote. Kagueni mambo mawili tu: kurasa zimetimia, na maandishi yanasomeka. Jalada lililochanika si neno, gundi na karatasi ya kaki zitalitengeneza. Chenye ukungu kikataeni, kwa sababu katika unyevunyevu wa huku ziwani ukungu huo utahamia vingine.

Nendeni na watoto, na wachague wenyewe. Akitaka kujua kama kitabu kinamfaa, asome ukurasa mmoja kwa sauti huku akikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho msomeeni ninyi kwanza. Akichagua kile mnachokiona cha wadogo zake, mwacheni. Kurudia kitabu rahisi kunamjengea kasi na ujasiri, na mzazi anayemnyang'anya ili ampe kigumu humvunja moyo.

Vya lugha za nyumbani vithaminiwe zaidi. Mtaala wa umilisi unataka mtoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, lakini kitabu cha Dholuo au Lubukusu si rahisi kukikuta dukani. Kikipatikana kimoja kizunguke kwa wote. Mradi wa African Storybook nao umeweka hadithi fupi za bure kwenye intaneti, zikiwemo za Kiswahili na lugha hizo mbili, na leseni yake inaruhusu kuchapisha. Saiba ya mtaani (duka la kompyuta na intaneti) itawachapishia, mbane kwa stepla, na mnacho kitabu cha kubadilishana.

Vitabu vya kiada ni habari nyingine. Tangu 2018 Serikali imekuwa ikivipeleka moja kwa moja katika shule za umma. Vyenye muhuri ni mali ya shule, virudishwe huko, visiingie kwenye mzunguko. Vile vya 8-4-4, mfumo uliotangulia mtaala wa umilisi, navyo visiwahadae: KCPE, mtihani wake wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na kitabu cha darasa la sita hakilingani na cha gredi ya 6. Kamusi za zamani bado zinafaa sana, chukueni.

Vitakavyokosa mwenyewe mwisho wa mkutano vipelekeni kwa mwalimu wa chekechea iliyo karibu, mkianza na vya picha, kwani huko vitabu huchakaa haraka kwa kushikwashikwa.