Jina la dagaa wako limesajiliwa kwa nani? Soma kabla hujachapisha stika zingine

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza na visiwani huko. Juzi kati alikuja mama mmoja ofisini, anapaki dagaa wa kukaanga, mzigo anachukua Mwaloni pale Kirumba, anakaanga kwake maeneo ya Pasiansi halafu anapaki vifuko vya robo na nusu kilo. Ana stika nzuri kabisa, mtumbwi na jina kwa rangi nyekundu, na jina hilo anatembea nalo mwaka wa nne saivi. Supamaketi moja ilikuwa imekubali kuchukua mzigo wake, wakamwambia mama lete cheti cha jina, leseni, na akaunti ya benki inayosoma jina hilohilo la kwenye stika. Akaenda kwa kijana wa steshenari amjazie, jina likagoma. Kumbe lipo, limesajiliwa miezi michache nyuma na mtu anayemjua vizuri, alikuwa ndo msambazaji wake wa Igoma na Buhongwa.

Alilia pale kwenye kiti, na mimi niliumia sana maana kusajili jina la biashara BRELA, yani wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ni shilingi 20,000 tu, na mwenyewe aliniambia kila akichapisha stika anatoa zaidi ya hiyo.

Mimi ni afisa biashara, hii meza nimeikalia muda mrefu, na kitu ninachokiona ni kwamba watu hawakatai kusajili, ila wamechanganya makaratasi. Mtu anakwambia "mimi nimeshasajiliwa" ukimuuliza nini anatoa TIN. Mwingine anatoa leseni ya halmashauri. TIN inatoka TRA na ni namba yako ya kodi, basi. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara fulani sehemu fulani, kwa biashara ndogo nyingi unaipata halmashauri, ukiwa Nyamagana ni Jiji, ukiwa Kirumba au Buswelu ni Manispaa ya Ilemela. Jina la biashara lenyewe linasajiliwa BRELA, kwa Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Halafu kuna alama ya biashara, hiyo ni habari nyingine kabisa na nitaifikia maana ndo yenye maumivu.

Je ni lazima? Sheria inasema hivi, kama unafanya biashara kwa jina lako halisi tupu, yani ubao unasoma majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, hulazimiki. Lakini ukishaongeza chochote, "Masanja Store", "Mama Neema Dagaa Bora", "Masanja na Wanawe", hapo tayari una jina la biashara na unatakiwa usajili. Wengi hawajui kwamba hata neno moja la kuongeza linakuingiza kwenye sheria. Na cheti ukishakipata unatakiwa ukibandike sehemu ya biashara panapoonekana, wengi wanakifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule.

Sasa kuchagua jina. Hapa Mwanza tuna ugonjwa wetu, kila mtu ni Rock City. Rock City Saluni, Rock City Mobile, Rock City Fresh Fish, ukitoka hapo ni Victoria, ukitoka hapo ni Lake Zone, halafu Sato na Sangara. Naelewa, tunaipenda miamba yetu na ziwa letu, lakini jina la namna hiyo lina shida mbili. Kwanza linagoma, kwa sababu ukilitafuta unakuta watu wameshalichukua au lipo linalofanana nalo sana, na msajili anakataa yanayofanana siyo yanayolingana tu, kwahiyo kuongeza "s" mwishoni au kubadilisha "Store" kuwa "Shop" usitegemee kitasaidia. Pili, hata likipita, haliwezi kuwa lako peke yako. Huwezi kumzuia mtu wa Nansio asitumie neno Victoria na yeye maji yapo mlangoni kwake. Nenda na majina matatu mkononi, na angalau moja liwe neno ambalo halielezei bidhaa wala mahali, jina la utani la bibi yako, neno la Kisukuma au Kikerewe mnalolitumia nyumbani, neno ambalo mtu akilisikia anakukumbuka wewe. Usiweke pia maneno ya kujifanya serikali au taasisi ya taifa, na usiandike "Limited" kama hujasajili kampuni. Nimeona mabango barabara ya Kenyatta yana Limited na mwenye duka hana kampuni.

Kusajili kwenyewe siku hizi ni mtandaoni, mfumo unaitwa ORS, zamani ilikuwa safari ya Dar. Unahitaji namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, hata kama kadi hujaipata namba inatosha, unahitaji imeili na namba ya simu, na anwani ya biashara mpaka kata na mtaa. Mfumo utakuuliza maswali kuhakikisha kweli wewe ndo mwenye NIDA hiyo. Unatafuta jina, unajaza unafanya biashara gani na kwa umiliki upi, unapata kontrol namba unalipa kwa simu au benki, likikubaliwa cheti unakidaunilodi mwenyewe. Wakikurudishia marekebisho soma walichoandika, rekebisha hichohicho, usianze upya.

Kama hujui kompyuta mtu akusaidie, hakuna ubaya, vijana wa steshenari wametusaidia wengi. Ila nakuomba sana hapa unisikilize. Imeili iwe ya kwako. Namba ya simu iwe ya kwako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Nywila uiandike uondoke nayo. Na kabla hajabonyeza kutuma, mwambie akuoneshe palipoandikwa mmiliki. Nimeshaona akaunti imefunguliwa kwa NIDA ya anayejaza, mama wa watu anaondoka na cheti kina jina la duka lake kwa ukubwa, hajasoma chini kwamba mmiliki ni kijana. Hata asiwe na nia mbaya, siku akihama mji utamtafuta wapi? Kuna baba mmoja wa Nyegezi alitaka kubadilisha anwani tu, imeili iliyotumika hakuna anayeikumbuka, tumehangaika nayo wiki kadhaa.

Na mkiwa wawili mnafanya pamoja, mume na mke, dada na mdogo mtu, marafiki mliochanga mtaji wa kayabo, wale sangara wakavu wa chumvi, andikeni wote kama wabia. Usikubali maneno ya "tuandike la kwangu kwanza tutabadilisha baadaye". Baadaye ndo mnapokuja ofisini kwangu hamsalimiani.

Cheti hicho kinakupa nini? Benki watakufungulia akaunti ya jina la biashara, leseni itatoka kwa jina hilo, risiti, tenda, oda za mashule na mahoteli vyote vinasoma kitu kimoja. Ila hakikufanyi kampuni. Wewe na biashara ni mtu mmoja mbele ya sheria, biashara ikikopa umekopa wewe, ikishindwa kulipa wanaweza kufika mpaka kwenye kiwanja chako cha Kisesa. Kuna ada ya kila mwaka pia, ndogo, lakini ukiiacha inajilimbikiza, na kama umefunga biashara toa taarifa jina lifutwe.

Na cheti hicho, hapa nisikilize mayu, hakilindi stika yako. Usajili wa jina unaonesha nani yuko nyuma ya jina lile. Mchoro wa mtumbwi, ile rangi, lile neno linalomfanya mteja wa Shinyanga anyooshe mkono kwenye kifuko chako na siyo cha jirani, hiyo inalindwa na alama ya biashara, nayo inasajiliwa BRELA lakini ni maombi tofauti, sheria tofauti, Sura ya 326. Unaombea kwa madaraja ya bidhaa, dagaa wa kupaki wanaingia daraja la 29, nguo ni 25, kwahiyo ukisajili ya dagaa usidhani umelinda na fulana. Ikikubaliwa inatangazwa kwanza ili mwenye pingamizi aseme, halafu inadumu miaka 7, ukihuisha unapata 10, na unaweza kuendelea kuhuisha. Ni ghali kuliko jina na inachukua muda, kwahiyo sikwambii muuza nyanya wa Soko Kuu akaisajili kesho. Lakini wewe unayepaki, unayechapisha lebo, ambaye mzigo wako unavuka kwenda mikoani, ifikirie mapema. Ulinzi wake ni Tanzania Bara tu. Zanzibar wana ofisi yao, na kama dagaa wako wanapelekwa Kisumu au Kongo, huko ni maombi ya huko.

Huyu mama wa Pasiansi tumefanya hivi. Nimemwambia akusanye kila kinachoonesha alianza yeye, risiti za kiwanda cha stika, picha za kwenye simu zenye tarehe, meseji za oda na malipo, hasa alizokuwa anatumiana na huyohuyo msambazaji, maana malalamiko kwa msajili yanapelekwa na ushahidi, na mahakamani vilevile aliyetumia jina kwanza akajulikana nalo anaweza kusikilizwa. Lakini inachukua muda na supamaketi haimsubiri. Kwahiyo wakati huohuo amesajili jina jipya, tumekaa naye hapa mezani mpaka cheti kikasoma majina yake matatu kamili, ametumia jina walilokuwa wanamuita marehemu mama yake kule Ukara, na tulipolitafuta kwenye mfumo hakuna mtu alikuwa nalo. Stika za zamani zimebaki kama elfu mbili, ameniuliza azifanyie nini, nikamwambia usichome hata moja, hizo ni ushahidi.