Teknolojia mpya na misaada ya maafa kusini: tuanze na hesabu ya ghala

Inapotajwa teknolojia mpya katika ugavi wa misaada, mazungumzo huwahi kwenye ndege zisizo na rubani. Ninazithamini, kwani mwaka 2018 ndege ya aina hiyo ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60 hivi, kwa takriban dakika 40. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ya ugavi iko Lindi, ninaona kwamba kabla ya upungufu wa usafiri tuna upungufu wa taarifa: nani ana nini, kiko wapi na kimebaki kiasi gani.

Ushahidi uko hapahapa mkoani. Mwishoni mwa mwaka 2009, Lindi Vijijini iliingia pamoja na Ulanga na Kigoma Vijijini katika jaribio la wiki 21 lililoitwa SMS for Life. Kila Alhamisi wahudumu wa vituo vya afya walipokea ujumbe wa simu uliowataka wahesabu akiba ya dawa za malaria, yaani dawa mseto na kwinini ya sindano, wakajibu bila kutozwa chochote, na waliojibu kwa wakati walipewa muda wa maongezi. Viongozi wa afya wa wilaya, wakiwa na hesabu hizo mbele yao, waliweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada hadi kilichoishiwa. Katika wilaya zote tatu, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26, na Lindi Vijijini tatizo lilikuwa limekwisha ifikapo wiki ya nane. Matokeo hayo yalipatikana kwa simu za kawaida tu, na bado yananipa moyo mkubwa.

Maafa huongeza ugumu wa njia. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa, na barabara hiyo ikikatika, shehena inayotoka Dar es Salaam haina njia fupi ya kuifidia. Hapo picha za setilaiti zinazopigwa kwa rada, kama zile za Sentinel-1, zina faida ya pekee, kwa kuwa rada hupenya mawingu na huonyesha maji yalipotuama hata mvua ikiendelea. Picha hiyo ikiwekwa juu ya ramani yenye hesabu ya kila ghala, mwamuzi anajua mara moja ni kata ipi ipelekewe mahitaji kutoka Nangurukuru, wilayani Kilwa, na ipi ihudumiwe kutoka Lindi mjini.

Maghala yenyewe tunayo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa hati ya mzigo wake, umewazoesha wakulima wa korosho na watunza ghala kuandika uzito na daraja la kila mzigo unaopokelewa, na sehemu kubwa ya korosho huwa imeshauzwa mvua zinapopamba moto. Napendekeza baadhi ya maghala hayo yahifadhi mahema, ndoo, dawa za kutibu maji na unga, yakitumia nidhamu ileile ya stakabadhi katika leja moja ya kidijitali inayosomwa na mkoa, halmashauri na mashirika ya misaada. Leja za bloku (blockchain), ambazo kumbukumbu zake hutunzwa kwa pamoja na washiriki kadhaa, zilizotumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa wakimbizi nchini Jordan tangu 2017 ni kazi nzuri. Kwetu, hata hivyo, hifadhidata ya kawaida yenye msimamizi mmoja anayeaminika inatosha kwa sasa.

Taarifa ziingizwe kwa menyu ya simu isiyohitaji intaneti, ili mtunza ghala mwenye simu ya kitochi asiachwe nje, na hesabu ya kwanza ifanyike mwezi Oktoba, kabla mvua za msimu hazijaanza.