Mshahara wa Askari katika Marekani Changa, 1783–1818

Kwa mujibu wa sheria ya Aprili 30, 1790, askari wa kawaida wa jeshi la Marekani alistahili dola 3 kwa mwezi, na kabla hajazishika zilikatwa senti 90 za sare na senti 10 za dawa, akabaki na dola 2. Kiwango hicho kilikuwa duni, maana askari wa vita vya uhuru dhidi ya Uingereza aliahidiwa dola 6 na theluthi mbili. Hata hivyo, udogo wa mshahara ulikuwa nusu tu ya shida. Nusu ya pili ilikuwa namna serikali ilivyoweka hesabu za askari wake na njia iliyopitia fedha hadi kumfikia.

Serikali mpya ilirithi deni baya. Wakati wa vita Bunge halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, likategemea michango ya majimbo ambayo mara nyingi haikufika. Januari 1781 askari wa Pennsylvania waliasi kwa kukosa malipo, na Juni 1783 wengine wakauzingira ukumbi wa Bunge mjini Philadelphia, hata wabunge wakahamia Princeton. Mlipaji Mkuu, John Pierce, alikabidhiwa kazi ya kufunga hesabu ya kila askari na kumpa hati ya deni yenye riba. Kwa kuwa hati hizo ziliweza kuuzwa, na mwenye njaa hawezi kuingoja Hazina, wengi waliwauzia walanguzi kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alitaka kila mwenye hati alipwe kikamilifu, bila kujali aliipataje. Mbunge James Madison alipendekeza mmiliki wa kwanza naye apate fungu, akashindwa kwa kura 36 dhidi ya 13. Hoja ya Hamilton ilikuwa na nguvu kisheria, kwa sababu hati ambayo serikali inaweza kuikana baada ya kuuzwa haina soko, lakini gharama ya kanuni hiyo iliwaangukia waliopigana.

Novemba 4, 1791, jeshi la Marekani chini ya Jenerali Arthur St. Clair liliangamizwa na muungano wa mataifa ya Wenyeji wa Amerika katika eneo la Ohio. Uchunguzi wa Bunge mwaka uliofuata ulimlaumu mkuu wa ugavi, Samuel Hodgdon, na mzabuni wa chakula, William Duer. Katika hali hiyo ilipitishwa sheria ya Mei 8, 1792, iliyoweka mlipaji wa jeshi karibu na makao makuu ya vikosi, nafasi aliyopewa Caleb Swan. Wajibu wake ulikuwa kupokea fedha kutoka Hazina, kulinganisha orodha za malipo za kila kikosi na orodha za mahudhurio, kisha kumthibitishia kamanda kiasi kinachodaiwa, ili kamanda atoe idhini ya kulipa; nakala zilipelekwa kwa mhasibu wa Wizara ya Vita, na hesabu zikafungwa Hazina. Utaratibu huo ulizuia wizi vizuri kuliko ulivyoharakisha malipo, kwani vikosi vilikuwa ng'ambo ya milima ya Appalachia na ofisi za hesabu zilikuwa Philadelphia. Sheria hiyo pia ilibatilisha uhamishaji wowote wa mshahara utakaofanywa na askari wa kawaida baada ya Juni 1, 1792, na si vigumu kuona hapo kivuli cha walanguzi wa hati.

Novemba 8, 1800, moto uliteketeza ofisi ya Wizara ya Vita katika mji mkuu mpya wa Washington, pamoja na kumbukumbu nyingi za utumishi. Athari yake ilidumu. Sheria ya mwaka 1818 ilipowapa askari wahitaji wa vita vya uhuru pensheni ya dola 8 kwa mwezi, na maofisa dola 20, waombaji wengi hawakuwa na rekodi ya serikali ya kuwathibitisha. Walilazimika kuapa mahakamani, kuwataja makamanda wao na mapigano waliyoshiriki, na kuleta mashahidi. Tangu 1820 waliongeza orodha ya mali na madeni yao kuthibitisha umaskini. Ndiyo maana leo wanahistoria wanajua mengi zaidi kuhusu askari wa kawaida kutokana na majalada ya pensheni kuliko kutokana na orodha za malipo zenyewe.