Kuridhia mkataba si kumlinda mtoto

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba serikali ikishatia saini Mkataba wa Haki za Mtoto, kazi imekwisha. Si hivyo. Mkataba huo ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na leo nchi 196 zimefungwa nao. Marekani ilitia saini mwaka 1995 lakini mpaka sasa haijauridhia, yaani haijakubali rasmi kufungwa nao; saini peke yake haitoshi.

Hata kuridhia ni mwanzo tu. Kifungu cha 4 kinaidai serikali itunge sheria, ichukue hatua za kiutawala na, kwa haki za kijamii na kiuchumi, itumie rasilimali zake kwa kadiri ya uwezo wake wote. Kwa hiyo ukitaka kuipima serikali, fungua bajeti yake kabla ya hotuba zake.

Chukua kifungu cha 7, usajili wa mtoto mara anapozaliwa. Kinaonekana kidogo. Lakini kijana wa miaka 15 akisimama mahakamani bila cheti, atathibitishaje kwamba hajafika 18? Anaweza kuhukumiwa kama mtu mzima, na hilo linaniuma kweli, kwa sababu kosa ni la ofisi ambayo haikumwandika.

Kuna kamati ya wataalamu 18 inayopokea ripoti za nchi, kwa kawaida kila miaka 5. Inahoji na kupendekeza. Haina polisi wala uwezo wa kutoza faini. Utekelezaji unabaki kwa serikali yenyewe, na kwa wananchi wanaosoma mapendekezo hayo na kuidai.