Uvimbe wa ini usio saratani ni nini?

Ni uvimbe unaoota ndani ya ini na kubaki hapohapo, bila kusambaa kwenda viungo vingine. Wengi huugundua kwa bahati tu: mtu ametumwa altrasaundi kutafuta mawe ya nyongo, majibu yakatoka yametaja kitu kingine kabisa.

Unaoongoza kwa wingi ni hemanjioma, yaani fundo la mishipa midogo ya damu, linaloonekana zaidi kwa wanawake. Kwenye altrasaundi huwa jeupe, lenye kingo safi. Pakiwa na shaka hufanywa CT skani au MRI ya kuchomwa dawa mshipani. Dawa hiyo huanza kujaa pembezoni mwa fundo, kisha husogea taratibu kuelekea katikati, na mwendo huo humtosha daktari wa picha. Kukata kinyama kwa sindano huepukwa, kwa kuwa fundo linaweza kuvuja damu. Tiba? Haihitajiki, labda liwe kubwa na kuleta maumivu. Anayekuuzia mizizi ya kuliyeyusha anakula pesa yako bure, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe.

Adenoma, yaani uvimbe wa seli za ini zenyewe, ni habari nyingine. Huwapata hasa wanawake wanaotumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, na pia wanaume wanaotumia homoni za kujaza misuli. Mwanamke huacha vidonge, kisha hupimwa tena baada ya miezi sita hivi. Ukibaki zaidi ya sentimita 5, upasuaji hushauriwa, kwani unaweza kupasuka na kuvuja damu, au kugeuka saratani. Kwa mwanaume huondolewa hata ukiwa mdogo.

Yote haya ni kwa mtu mwenye ini zima. Mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, au ini lililokwisha sinyaa, uvimbe wake mpya hushukiwa kuwa saratani hadi vipimo vikatae. Ndiyo maana kipimo cha homa ya ini kisirukwe, hata kama picha inatia moyo.

Kuna na vifuko vya maji. Vya kawaida huachwa. Lakini kwa mtu aliyekulia kati ya mifugo na mbwa, kama kule Turkana, kifuko kinaweza kuwa cha minyoo tegu ya mbwa. Hicho hakichomwi ovyo: maji yake yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua, na mabuu huota upya kwingine.